Picha Kumi na Moja za Pigo la Nyegere

Sengerema,
6 Juni 1999

Mwanangu Chenge,

Niwie radhi kwa kimya kirefu. Mara ya mwisho nilikuandikia kabla ya Kwaresima, na sasa Pentekoste imepita. Kwa miaka thelathini na mmoja nimewafundisha watoto wa wilaya hii kwamba kutojibu barua ni utovu wa adabu, nami nimetenda kosa hilohilo. Sikuwa mgonjwa wala safarini. Nilianza barua tatu nikazichana.

Nyumbani ni wazima. Mihogo imestawi. Suzana, mjane wa binamu yangu, bado anaishi nami, na kila asubuhi hulalamika kwamba ninatia chumvi kidogo mno. Wanunuzi wa pamba wamekuja mwaka huu na mizani yao wenyewe, kila mmoja na bei yake, na wazee wanazunguka kati yao kama watu waliopotea mnadani. Msalimie mkeo Gladness. Sijapata habari kama amekwisha kujifungua.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Unamfahamu Mhoja, kijana wa jirani yangu Masalu, anayebeba mizigo ya samaki huko Mwanza. Amerudi nyumbani tangu Aprili na mkono wa kulia uliokufa ganzi. Kidole gumba hakikunji. Hawezi kushika jembe wala kijiko. Wamempeleka hospitali wakapewa vidonge, wamempeleka kwingine wakapewa majani. Nyumbani kwao linatajwa "pigo", na likitajwa, wananyamaza nikipita. Masalu, ambaye nilimfundisha kusoma, ameacha kunisalimu.

Wiki iliyopita mke wa Masalu alimwambia Suzana kisimani kwamba pigo hilo linatoka katika chumba chako cha michezo huko Mabatini, na kwamba jina langu hutajwa humo.

Naomba unijibu mambo mawili. Pigo hilo ni nini? Na jina langu limefikaje huko?

Shangazi yako,
Mwl. Wilhelmina Mashimba


Mabatini, Mwanza,
20 Juni 1999

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia kwa mkono wa mwanamke wa dagaa aliyevuka na kivuko cha Kamanga. Gladness amejifungua salama mtoto wa kike tarehe mbili Mei. Tumemwita Wilhelmina, ila hapa nyumbani tunamwita Mina. Anasema nikuombe msamaha kwa kutokukuandikia mapema.

Kuhusu chumba, hali ni nzuri. Unajua kiwanda kilipotupunguza nilikaa mwaka mzima bila kazi. Sasa nina televisheni mbili na mashine mbili za gemu, na vijana wanapanga foleni mpaka barabarani. Ng'ambo ya barabara Ngosha naye amefungua chumba kama changu, mashine zake ni mpya zaidi, lakini watu wako kwangu.

Gemu lenyewe ni la kupigana, Shangazi, lakini si ugomvi wa kweli. Katika kioo kuna sakafu kubwa, na juu yake vijukwaa vinavyoelea hewani. Wapiganaji wawili wanarukaruka humo. Hufi kwa kupigwa, unashindwa ukirushwa nje ya picha. Chini kuna namba inayoonyesha umeumizwa kiasi gani, na namba ikiwa kubwa unarushwa mbali zaidi. Mimi humtumia mnyama mmoja, vijana wamempa jina Nyegere. Ana pigo la kwenda juu, anagonga kwa kichwa. Ni la haraka sana. Ukiwa juu yake unapigwa, unapaa, ukishuka unapigwa tena, mpaka unatoka. Ndilo hilo pigo. Hakuna kingine.

Mhoja alikuwa mteja wangu. Alikuja kila siku baada ya kushusha mizigo, alinipania mimi tu, na kila siku alishindwa. Mkono wake sijui.

Nimekutumia dawa ya matone ya macho na miwani nyeusi. Gladness anasema jua la huko ni kali.

Mwanao,
Chenge Mayala


Sengerema,
4 Julai 1999

Mwanangu Chenge,

Namshukuru Mungu kwa mtoto. Jina mlilompa ni heshima kwangu, ingawa ningefurahi zaidi kama mngesubiri kidogo kulitoa. Mpakeni mafuta ya samli kichwani na msimfunike mno. Suzana amefuma kofia, anaileta mwenyewe atakapovuka kununua chumvi.

Dawa ya macho nimeipokea, nami ninaitumia. Miwani nimemrudishia mwanamke wa dagaa. Unajua, na Gladness anajua, kwamba macho mekundu ya mwanamke mzee husomwa huku kwetu kuwa ni ya mchawi. Yangu yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni na kwa kusahihisha madaftari kwa taa ya kibatari. Nikianza kuyaficha leo, nitakuwa nimekiri kwamba yana jambo la kufichwa.

Mbwa wangu amekufa. Alikuwa mzee.

Sasa kuhusu jibu lako. Nilikuuliza mambo mawili, umejibu nusu ya moja. Unasema pigo ni "la haraka sana". Hayo si maelezo, Chenge. Radi ni ya haraka, na ulimi wa kinyonga ni wa haraka, lakini kila kimoja kina njia yake. Kitu kisichoelezwa ndicho watu hukipa jina la uchawi. Ninataka kujua pigo linaanza na kiungo gani, linapita wapi, linaishia wapi, na baada ya kuisha mnyama anafanya nini. Kwa nini anayeshuka hawezi kukwepa? Ukiwa hujui, sema hujui, kisha uchunguze. Kabla ya kusema sentensi ina maana gani tulikuwa tukiivunja vipande. Fanya vivyo hivyo.

Swali la pili bado linangoja.

Shangazi yako,
Mwl. Wilhelmina Mashimba


Mabatini, Mwanza,
22 Agosti 1999

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimechelewa wiki saba na sitasingizia posta. Kofia ya Mina imefika, inamkaa vizuri. Amekwisha kuanza kucheka. Gladness amerudi kwenye meza yake ya nyanya.

Nilifanya kama ulivyoniagiza. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui, Shangazi. Miaka miwili nimetumia pigo hili, na ulipouliza linapita wapi nilikwama kama mtoto wa darasa la pili. Nikaazima deki yenye kibonyezo cha kusogeza picha mojamoja. Nikaiunganisha na mashine, nikarekodi pigo kwenye mkanda, kisha nikalitazama picha kwa picha na kuandika.

Pigo zima ni picha kumi na moja. Katika mbili za kwanza Nyegere anainama tu, kichwa hakijagusa kitu. Tatu zinazofuata ndizo zinazoumiza: ya kwanza kichwa kiko nyuma juu ya mgongo wake, ya pili kiko juu kabisa, ya tatu kimefika mbele ya pua. Ni kama mtu anayetupa mzigo kutoka begani. Sita zilizobaki anajirudisha kusimama. Pigo halidumu hata nusu sekunde.

Lakini kwa nini anayeshuka hakwepi, hilo sijaliona. Nimetazama mpaka macho yakaniuma.

Nami nakuambia ukweli, niliogopa pia kuliona. Chumba hiki kinaishi kwa sababu watu wanataka kuja kumwangusha Nyegere. Siku pigo likijulikana, watavuka barabara kwa Ngosha, kwenye mashine mpya, nami nitabaki na viti.

Sasa swali lako la pili. Nimeliandika na kulifuta mara nyingi.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akitamba kwenye ngoma. Mwezi wa saba, mavuno yakiisha, kikundi cha Bagalu upande huu na cha Bagika upande ule, uwanja mmoja, na watu wanahama kwenda kwa mwenye dawa kali. Ngosha alipofungua chumba chake, mambo yakawa yaleyale. Vijana wake walisimama mlangoni wakituzomea, nasi tunawazomea. Mmoja wao akapiga kelele, "Nyegere wenu ana nini, amechanjwa?" Nami nikajibu kama Baba angejibu. Nikaimba kabisa, huku napiga debe. Nilisema dawa yangu imetoka ng'ambo ya maji, Sengerema, kwa Mwalimu Wilhelmina, mwanamke ambaye macho yake hayalali.

Watu walicheka sana. Ikawa ndio wimbo wa chumba. Nikimrusha mtu nje ya picha, wote wanaitikia, "Ya Mwalimu hiyo!" Mhoja alikuwepo. Naye aliitikia siku za mwanzo. Baadaye aliacha kuitikia, lakini sikujiuliza kwa nini.

Ulikuwa mzaha, Shangazi.

Mwanao,
Chenge


Sengerema,
5 Septemba 1999

Chenge,

Mtoto ni mzima, mama yake ni mzima. Nimefurahi. Sisi huku tunaendelea.

Utasamehe penseli.

Nimesoma barua yako mara nne. Sitakutukana, kwa kuwa matusi hayakufundishi kitu, na umekwisha kujua ulichofanya. Lakini nitakuambia jambo moja ambalo baba yako hakupata muda wa kukufundisha. Mayala alitamba uwanjani kwa miaka ishirini. Kila alipotaja dawa yake, alimtaja babu yetu aliyezikwa Kisesa kabla hatujazaliwa. Watu walilipokea jina hilo kwa kucheka, kwa sababu hakuna wa kumwendea marehemu kumwuliza. Siku moja kijana wa kikundi chake alitaka kumtaja mama yetu, aliyekuwa hai. Baba yako alimnyang'anya ngoma na kumfukuza mbele ya watu wote. Alimwambia, "Ngoma inaisha jioni. Yeye atabaki na majirani zake."

Wewe ulikuwa na miaka sita. Usingeweza kukumbuka. Mimi nilikuwepo.

Sasa tufanye kazi.

Picha zako nimezichora kwenye karatasi, zote kumi na moja, nikaziweka mezani kwa mstari. Ulipokwama ni hapa: ulimtazama Nyegere peke yake. Pigo halina maana bila yule anayepigwa. Rudisha mkanda umtazame anayeshuka. Nadhani utaona kwamba anaposhuka naye anabonyeza kupiga, kwa hofu, na mtu aliyekwisha kuanza kupiga hawezi kubadili njia. Anashuka wima kama jiwe kisimani. Kichwa kinamngoja palepale.

Kama nimekosea, niambie. Kama sikukosea, basi dawa yake ni hii. Kichwa kinaanza nyuma na kuishia mbele. Kwa hiyo anayeshuka asibonyeze chochote, ajisogeze upande wa mbele, na achelewe kidogo, kwa kutua kwanza kwenye mojawapo ya vile vijukwaa vyako. Kichwa kitapita bure. Hapo Nyegere ana picha sita ambazo hana ulinzi. Picha sita ni nyingi kwa kijana mwenye vidole vizima.

Jambo la pili. Uliandika kwamba namba ikiwa kubwa mtu hurushwa mbali zaidi. Basi pigo moja linaweza kufuatwa na jingine mwanzoni tu. Mtu akiisha kuumia sana, hupaa juu mno na Nyegere hawezi kumwahi. Wanaoendelea kupigwa wakati huo wanapigwa kwa sababu wameamini hawawezi kuokoka.

Fundisha hayo chumbani mwako, mchana, mlango wazi. Mwite Ngosha na watu wake. Najua utapoteza wateja. Fundisha.

Na kuhusu Mhoja: mwulize aliyeshika mashine pamoja naye, kijana huyo alicheza saa ngapi kwa siku. Mtu aliyebeba magunia ya samaki tangu alfajiri, kisha akabana kidole gumba kwenye kitu kigumu mpaka jioni, kwa miezi, hahitaji mchawi ili mkono wake ufe ganzi. Nilimweleza Masalu haya kwenye njia ya kisima. Hakusimama.

Shangazi yako,
W. Mashimba


Mabatini, Mwanza,
10 Oktoba 1999

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mina alipata homa wiki mbili, ndiyo sababu ya kuchelewa safari hii, na sasa amepona. Gladness anakusalimu. Anasema nisikuandikie kama nakuogopa, nikuandikie kama mtu mzima, kwa hiyo najaribu.

Hukukosea hata kidogo. Nilirudisha mkanda nikawatazama wanaoshuka. Kila mmoja anabonyeza. Nilijitazama mwenyewe nikicheza upande wa pili, nami nabonyeza. Nikajaribu kutua mbele bila kubonyeza kitu, na kichwa kikanipita kama upepo. Nilikaa chini nikacheka peke yangu, halafu nikaizima mashine, maana nilijua gharama yake.

Nilifundisha Jumamosi tatu. Niliweka televisheni nje kwenye kibaraza, nikasogeza picha mojamoja na kuhesabu kwa sauti. Ngosha alikuja na watu wake, wakasimama wamekunja mikono. Jumamosi ya pili mmoja wao alikaa kwenye kiti akanitoa nje ya picha mara tano mfululizo. Wakanizomea. "Haya, piga simu Sengerema! Mwalimu yuko likizo?" Nikawaambia mbele ya wote kwamba hakukuwa na dawa, kwamba nilidanganya kwa majivuno, na kwamba jina la Shangazi lisitajwe tena. Walicheka, Shangazi. Walidhani ni sehemu ya mzaha. Mzee mmoja fundi viatu hakucheka. Aliniuliza, "Kama hapakuwa na dawa, mbona sasa limeacha kufanya kazi?" Nikamwonyesha picha tena. Akatikisa kichwa akarudi kwenye viatu vyake.

Chumba kimepungua. Televisheni moja nimeiuza. Hilo si kitu.

Nilimwuliza aliyekuwa akicheza na Mhoja. Saa sita kwa siku, wakati mwingine saba. Ameniandikia hivyo na kutia sahihi, nimeiweka ndani ya bahasha hii.

Sasa niseme lingine. Barua yako ilikuwa ya penseli, wewe uliyetuchapa kwa kuandika barua kwa penseli. Sikuuliza. Lakini Suzana alipovuka alikutana na Gladness sokoni Kirumba, na Gladness si mtu wa kudanganywa. Suzana amemwambia kwamba hulali nyumbani kwako tangu Agosti. Amesema mbwa hakufa kwa uzee, na mawe yametupwa juu ya bati mara mbili. Amesema kalamu na madaftari yako yote yako ndani ya nyumba uliyoifunga, na wewe uko kwa katekista, unaandikia kwenye kona ya meza yao ya kulia.

Kwa nini hukuniambia? Wiki saba nilikuwa nahesabu viti vyangu.

Nataka kuja kukuchukua. Kuna chumba cha nyuma, Gladness amekwisha kukifagia. Sema neno moja tu nami nipande kivuko.

Nakutumia mkanda wa picha pamoja na maelezo. Kama kuna mwenye deki huko, watu waone kwa macho yao.

Mwanao,
Chenge


Sengerema,
21 Novemba 1999

Mwanangu Chenge,

Natumaini homa ya mtoto haikurudi. Msimpe maji yasiyochemshwa, mvua zimeanza na visima vimechafuka. Suzana ana kikohozi lakini anakwenda kanisani. Katekista na mkewe wananitendea vema kuliko ninavyostahili. Sikukueleza ninakolala kwa sababu ungekuja. Ungekuja, wangesema mwenye dawa amefuata dawa yake. Kwa sababu hiyohiyo nakuomba usije sasa, hata baada ya kusoma yaliyomo humu.

Baraza la kitongoji la kusikiliza shauri langu lilipangwa katikati ya Oktoba. Kisha ukatokea msiba wa Baba wa Taifa, na mikutano yote ikaahirishwa. Watu walilia barabarani, nami nililia pamoja nao, na kwa siku chache hakuna aliyenitazama. Lilikaa hatimaye Alhamisi iliyopita, saa nne asubuhi, katika banda la video pale senta, kwa kuwa niliomba mwenyewe liwe hapo. Mwenye banda alikubali kuwasha jenereta.

Walikuja watu kama sabini. Mwenyekiti wa kitongoji alikaa mbele. Masalu alikaa kulia kwake pamoja na Mhoja, mkono umefungwa kwa kanga ya mama yake. Wengi wa waliokuwemo niliwafundisha. Niliwajua kwa namna walivyokaa.

Nilisimama kando ya televisheni na fimbo ya kuelekezea, nikamwomba mwenye banda asogeze picha mojamoja. Niliwaonyesha anavyoinama, kichwa kinavyotoka mgongoni na kufika puani, na picha zile sita za mwisho. Nikawaambia wahesabu kwa sauti, wakahesabu. Nikawaonyesha anayeshuka wima na anayetua mbele. Mchunga ng'ombe mmoja, hajawahi kuona gemu maishani mwake, aliinuka akasema, "Kumbe ni kama ndama anayepiga teke. Ukisimama nyuma yake unaumia, ukimwacha amalize unamkamata mguu." Watu wakacheka. Chenge, nilidhani tumekwisha kuvuka.

Nilisoma karatasi ya saa sita na saba. Nikamgeukia Mhoja nikamwuliza kama ni kweli. Alinitazama, kisha akasema polepole kwamba ni kweli, alicheza hivyo, na pigo liko hivyo kama nilivyolieleza. Aliongeza kwamba kidole kilianza kumwuma kabla hajausikia wimbo. Baba yake alimshika bega kumkatiza. Kijana huyo ni mkweli. Usimchukie.

Mwenyekiti alikuwa amekwisha kufunga daftari lake. Ndipo Masalu aliposimama. Hakupiga kelele. Alisema kwa adabu, kama nilivyomfundisha, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitikia. Akaniuliza kama nimewahi kuingia chumba cha Mabatini. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nimewahi kushika mashine hiyo. Hapana. Akauliza kama mtoto wa kaka yangu, mwenye pigo, alijua udhaifu wake. Nilikuwa nimeapa kusema kweli, nikasema hakujua. Nani basi aliujua? Nikasema ni mimi, kwa kusoma barua zake na kuchora karatasi.

Masalu akawageukia watu. "Vijana wote wa Mwanza wamelicheza miaka miwili hawakuliona. Huyu amekaa hapa ng'ambo, hajaliona hata mara moja, akalitegua. Mtego huteguliwa na nani?"

Hawakuhitaji kumjibu. Nilitazama nyuso za watu wale wale waliokuwa wakihesabu picha pamoja nami, nikaona zikifungika moja baada ya nyingine. Mchunga ng'ombe aliangalia chini. Nilianza kueleza kwamba yeyote anayejua kuchunguza angeweza, na kadiri nilivyoeleza vizuri ndivyo nilivyozidi kuharibu. Nilikuwa sijawahi kufundisha somo likaeleweka hivyo na kunigeuka hivyo. Niliacha katikati ya sentensi. Hilo nalo walilitazama.

Mwenyekiti amefungua tena daftari. Wamenipa siku kumi. Ama nikubali kupelekwa kwa mpiga ramli ambaye Masalu atamchagua, ama nihame kabla hazijaisha, na nyumba ibaki kwa kitongoji. Nikikataa yote mawili, mwenyekiti amesema hatakuwa na uwezo wa kuwazuia vijana. Alisema hivyo huku akitazama fimbo yangu.

Nimekwenda kituoni. Askari aliandika maelezo yangu, akaniambia kwa upole kwamba nina ndugu Mwanza.

Nikienda kwa mpiga ramli, nitakuwa nimekubali kwamba swali lao ni la haki. Nikihama, kila mtoto niliyemfundisha hapa atajua kwamba nilikimbia, na wanawake watakaozeeka baada yangu watalipia. Nikibaki, sijui. Tangu Alhamisi nasikia kila hatua inayopita nje ya dirisha la katekista. Jana mkewe aliangusha sufuria nami nikajikuta nimesimama nyuma ya mlango, nimeshika mwiko. Ninaogopa, mwanangu. Sikutaka neno hilo lisomwe na mtu niliyemfundisha kuandika.

Leo ni siku ya tatu. Mbusu mtoto. Usivuke. Nitakapokuwa nimeamua, nitakuandikia siku hiyohiyo, kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote.

Shangazi yako,
Wilhelmina